Kamera ya maegesho inaona mchana, usiku inazima: tatizo liko wapi?

Baada ya kipindi chetu kuhusu wizi wa pikipiki, msikilizaji mmoja alitupigia simu. Bodaboda yake, ambayo bado anailipia mkopo, iliibwa kwenye maegesho ya gesti aliyolala. Kamera zilikuwepo nne. Picha zilipoangaliwa, ile ya upande wa pikipiki ilionesha vizuri mchana kutwa. Ilipofika saa moja jioni ikaanza kuzima na kuwaka, kuzima na kuwaka, hadi alfajiri.

Kamera haikuwa mbovu. Ilikuwa inakosa umeme wa kutosha.

Umeme unapotelea njiani

Kamera nyingi zina taa za infraredi ambazo macho yetu hayazioni. Giza likiingia taa hizo huwaka, na kamera huvuta umeme mwingi zaidi. Sasa fikiria mpira mrefu na mwembamba wa kumwagilia bustani: ukihitaji maji mengi mwishoni, nguvu yake inapungua. Waya ni hivyo hivyo.

Tuchukue kamera ya volti 12 inayovuta nusu ampea usiku, ikiwa mita 60 kutoka kwenye chanzo, kwa waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 0.5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo njia ni mita 120. Hapo zinapotea kama volti 2, na kamera inabaki na chini ya volti 10. Inazima. Ikizima mzigo unapungua, volti zinapanda, inawaka tena.

Pima kwanza, nunua baadaye

Chora maegesho kwenye karatasi. Weka alama ya kila kamera na chumba cha mashine ya kurekodia, kisha pima njia halisi ya waya, pamoja na kupanda ukuta na kushuka.

Njia ikiwa ndefu, kuna kamera za mtandao zinazotumia kebo moja kwa picha na umeme. Mfumo huo hutumia karibu volti 48, ndiyo maana hupoteza kidogo. Lakini kikomo chake ni mita 100. Ukizidi hapo, swichi nyingine inahitajika katikati.

Angalia pia kebo yenyewe. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ndani ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na inapoteza umeme zaidi kuliko shaba tupu.

Umeme ukikatika

Kamera nne, swichi na mashine ya kurekodia vikitumia wati 50 kwa jumla, kwa saa 24 ni uniti 1.2 za LUKU, yaani kama uniti 36 kwa mwezi.

UPS ndogo yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 haitafikisha saa moja kwa mzigo huo. Betri ya ampea-saa 100, ukitumia nusu tu ili isife mapema, inaweza kukupa kama saa 10. Hiyo inavusha usiku.

Mvua, radi na malori

Waya unaopita chini uwekwe ndani ya paipu na ufukiwe vizuri, kwa sababu lori moja likipita juu yake linaweza kuukata. Usiuchanganye kwenye paipu moja na waya wa umeme wa volti 230. Kamera za kwenye nguzo zinahitaji kinga ya radi na erthi. Kazi ya umeme mkubwa mpe fundi mwenye leseni ya EWURA.

Mashine ya kurekodia ifungiwe chumbani. Mwizi akiondoka nayo, ameondoka na ushahidi wote.

Usilipe mchana

Mafundi wengi hukabidhi kazi mchana, jua likiwaka, kila kamera ikionesha vizuri. Bakiza sehemu ya malipo. Rudi saa mbili usiku, kamera zote zikiwa zimewasha taa zake, ukae nusu saa ukiangalia. Halafu zima umeme kwenye swichi kuu uone betri inashika au haishiki. Namba ya pikipiki isiposomeka, kazi haijaisha.

Msikilizaji wetu anaendelea kulipa marejesho ya bodaboda asiyokuwa nayo. Mwenye gesti amebadilisha waya.