Vita Ndani ya Kabati

Jamaa zangu, wajukuu wetu hapa Uingereza wanasoma hadithi moja ambayo wazee wengi tunaiona juu ya meza, na kwa kuwa jaladani kuna simba, tunadhani ni ngano ya wanyama. Jina lake The Lion, the Witch and the Wardrobe, ya C. S. Lewis, iliyotoka mwaka 1950. Mimi nasema ni kitabu cha vita, na wazee wakisome kabla ya kumwambia mtoto aache upuuzi.

Kinaanza na vita vya kweli. Ndugu wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wanaondolewa London kwa sababu ya mabomu ya ndege, wanapelekwa shamba kwa profesa mzee. Hayo hayakubuniwa. Kuanzia tarehe 1 Septemba 1939, kwa siku chache tu, watu kama milioni moja na nusu, wengi wao watoto, walihamishwa mijini; watoto wa shule walifungiwa vibandiko vya majina yao nguoni. Lewis mwenyewe alipokea watoto kama hao nyumbani kwake Oxford.

Kwa profesa huyo, Lucy anaingia ndani ya kabati la nguo na kutokea Narnia, nchi ya theluji isiyokwisha, chini ya malkia mchawi. Anapata rafiki, Tumnus, nusu mtu nusu mbuzi. Tumnus ameagizwa kumkamata mtoto yeyote wa binadamu. Anamkaribisha chai, kisha analia, anamsindikiza arudi kwao. Kwa wema huo anakamatwa. Watoto wanakuja kukuta mlango umeng'olewa, vyombo vimevunjwa, na karatasi ya shitaka la uhaini yenye saini ya mkuu wa polisi wa siri. Wazee wetu waliotoka Unguja mwaka 1964 hawahitaji kuelezwa ukurasa huo.

Edmund yeye anawauza ndugu zake kwa peremende za Kituruki, zile laini zenye unga wa sukari, binamu wa halua yetu. Watoto wa leo hucheka: hivyo tu? Basi waambiwe kwamba peremende zilitolewa kwa kadi Uingereza tangu Julai 1942. Mwaka 1949 ziliachiwa, watu wakazimaliza madukani, zikarudishwa kwenye kadi mpaka Februari 1953. Kitabu kilipotoka, wasomaji wake wadogo walikuwa wangali wanahesabiwa peremende. Walimwelewa Edmund barabara.

Jambo moja tusilifiche. Lewis alikuwa Mkristo, na kufa na kufufuka kwa yule simba, Aslan, kumetoka katika imani yake. Mtoto aelezwe hivyo wazi, kisha aendelee. Ukimnyang'anya kitabu atakisoma chini ya blanketi.

Mapigano yenyewe hayachukui kurasa nyingi, na nadhani najua kwa nini. Lewis alifika mstari wa mbele Ufaransa Novemba 1917, siku aliyotimiza miaka 19, akajeruhiwa Aprili 1918. Rafiki yake Paddy Moore, aliyelala naye chumba kimoja mafunzoni, aliuawa mwaka huohuo. Inasemekana walikuwa wameahidiana kwamba atakayebaki atamtunza mzazi wa mwenziwe. Lewis alikaa na mama wa Paddy, akamwangalia mpaka alipofariki mwaka 1951. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kupamba panga.

Anachokikazia ni majeruhi. Edmund amelala hoi, Lucy amemtia dawa mdomoni, anataka kusimama amwangalie kama atapona. Aslan anamkumbusha kwa ukali kwamba wako wengine wanaokufa.

Baadaye Lucy anamnong'oneza Susan: je, Edmund anajua Aslan alilipa nini kwa ajili yake? Susan anasema hajui, wala asiambiwe, litamwumiza mno. Lucy anaona aambiwe. Hapo wanakatizwa, na Lewis haturudishi tena kwenye mazungumzo hayo.