Picha ghafi: usikate leo utakachokitafuta kesho

MSOMAJI, je, umewahi kupekua picha za familia ukitafuta sura ya mtu aliyefariki, ukaipata pembeni tu mwa picha ya watu wengi? Basi makala haya yanakuhusu, hata kama hujawahi kushika kamera.

Hebu tuseme wewe ni mpiga picha za harusi huko Kakuyuni, kwenye barabara itokayo Malindi kuelekea lango la Sala la mbuga ya Tsavo. Ngoma imekolea, maharusi wangali wanacheza, na kadi ya kamera inakaribia kujaa. Nyingine huna. Unafungua kamera kwenye sehemu ya kuchagua aina ya faili na kukuta maneno matatu: RAW, mRAW na sRAW. Utachagua lipi?

Ghafi maana yake nini?

Faili ghafi ni kama mahindi ambayo hayajasagwa. Kamera huhifadhi mwanga kama ulivyoingia, nawe huupika baadaye kwenye kompyuta: unang'arisha uso uliofunikwa na kivuli cha mwembe, au unarekebisha weupe wa kanzu. JPEG ni sima iliyokwisha kusongwa. Huwezi kuibadilisha sana.

Mnamo 2007, kampuni ya Canon ilitoa kamera ya EOS-1D Mark III iliyokuwa na sRAW, yaani faili ghafi iliyopunguzwa. Baadaye ikaja mRAW, ya kati na kati. Nikon nayo ilileta yake mwaka 2014 katika D4S.

Sasa tupige hesabu. Chukua Canon 5D Mark III ya mwaka 2012. Faili yake kamili ina nukta kama milioni 22 na uzito wa megabaiti 27 hivi. Ile ya mRAW ina nukta milioni 10.5 na megabaiti 19. Ya sRAW ina nukta milioni 5.5 na megabaiti 15.5. Umeona? Kwa sRAW unapoteza robo tatu ya nukta, lakini mzigo haupungui hata nusu. Ni kama kuuza mbuzi kwa bei ya kuku.

Nyanya aliyeketi pembeni

Kwa picha ya albamu hutaona tofauti. Nukta za sRAW zatosha kuchapisha vizuri picha ya inchi tisa kwa sita. Lakini tuseme nyanya wa bwana harusi, aliyevaa hando lake, ameketi pembeni mwa picha ya ukoo. Miaka miwili baadaye anafariki, na familia inataka sura yake ya kuweka mbele ya jeneza. Ikiwa yeye amechukua sehemu moja tu kati ya sita za upana wa picha, faili kamili itakupa sura safi yenye upana wa inchi tatu. Ya sRAW itakupa inchi moja unusu. Ukiilazimisha kukua, macho ya nyanya yatakuwa ukungu.

Watu wa Kilifi wanajua thamani ya picha iliyo wazi. Mwaka 1985, mtafiti Mmarekani Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama, Kalume Mwakiru, akiwa na vigango viwili vya ukumbusho wa ndugu zake. Vigango hivyo viliibwa. Mzee alifariki 1987 bila kuviona tena. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi huko Marekani, Udvardy alionyeshwa picha za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya huko, akakitambua kimoja. Cha pili kilipatikana Chuo Kikuu cha Hampton. Mwaka 2007 vyote vilikabidhiwa familia. Picha ile ilikuwa ya filamu, lakini ndiyo iliyokuwa ushahidi.

Ufanye nini, basi?

Kwanza, ikiwa tukio halirudii, kama harusi, mazishi au mkutano wa ukoo, piga faili kamili. Kadi ya ziada ni gharama ya mara moja.

Pili, sRAW itumie kwa kazi ambayo mwisho wake unaujua: picha ndogo za wanafunzi, au za kutumwa kwa simu. Hapo kupunguza ni busara, si uvivu.

Tatu, ukinunua kamera mpya, ulizia C-RAW, iliyoanza na Canon EOS M50 mwaka 2018. Hiyo huipunguza faili uzito huku ikiacha idadi ya nukta vilevile.

Na kadi ikijaa katikati ya ngoma? Futa zile zilizotikisika kabla ya kugusa ukubwa wa faili. Kubwa utaweza kuipunguza nyumbani wakati wowote, lakini iliyopunguzwa haitakua tena. Wahenga walisema akiba haiozi, na nyanya hakai pembeni mwa picha milele.