Mali Bila Daftari Huisha Bila Habari

Mtaa wa Komarock, ulio mashariki ya Nairobi karibu na Barabara ya Kangundo, ni makao ya watu wengi wa mishahara. Lakini apitaye huko jioni ataona kwamba biashara nayo imepata maskani. Pana maduka ya vyakula, vinyozi, mafundi wa cherehani, wauza mboga na wachomeleaji wa vyuma. Karani huweka akiba yake katika duka linalotunzwa na mkewe. Na mkulima aletaye nyanya mjini hutegemea duka hilo hilo, kwa kuwa likifungwa amepoteza mnunuzi.

Na maduka hufungwa kwa wingi. Uchunguzi wa Shirika la Takwimu la Kenya wa mwaka 2016 ulihesabu biashara ndogo sana, ndogo na za kati zipatazo 7,400,000 katika nchi nzima. Katika muda wa miaka 5, biashara zipatazo 2,200,000 zilikuwa zimefungwa. Sababu iliyotajwa na watu wengi kuliko nyingine ni kupungukiwa na fedha za kuendeshea kazi. Jawabu hilo ni la kweli, lakini huzaa swali jingine: fedha hizo zilikwenda wapi? Kulitafutia swali hilo jibu ndiyo kazi ya washauri wa biashara walio katika vyuo vikuu.

WATUMISHI WA NAMNA GANI?

Desturi ya chuo kikuu kuwashauri wafanya biashara wadogo ilipata nguvu huko Marekani. Jaribio lilianza mwaka 1976, na mwaka 1980 Bunge la nchi hiyo likalitungia sheria. Katika Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta kilianzisha mwaka 2011 kituo cha kulea biashara changa, nacho kikapewa jina la Chandaria, kwa heshima ya tajiri wa viwanda Bwana Manu Chandaria. Chuo Kikuu cha Strathmore nacho kina kazi ya namna hiyo.

Watumishi wa vituo vya namna hii si mabwana wa kugawa fedha. Mmoja ni mjuzi wa hesabu, mwingine wa sheria na leseni, mwingine wa masoko. Na wanafunzi huweza kuwasaidia, wakapata kuona kwa macho yale waliyoyasoma vitabuni. Silaha yao kubwa ni kuuliza. Mtu ajaye kwa kutaka mkopo huulizwa kwanza juu ya daftari lake, na wengine huona uchungu kwa kuulizwa hivyo. Lakini mkopo uingiao katika duka lisilo na hesabu ni sawa na maji yamwagwayo katika mtungi uliotoboka.

HESABU YA DUKA MOJA

Mfano ufuatao utaonyesha jambo hilo. Mama mmoja mwenye duka huuza vitu vya shilingi 6,000 kwa siku, naye hujiona amefanikiwa kwa kuwa sanduku lake halikosi fedha.

“Mama, vitu hivyo ulivinunua kwa kiasi gani?” mshauri amwuliza.

“Kwa shilingi 5,100, mwanangu.”

Basi zimebaki 900. Kodi ya chumba ni 300 kwa siku, mshahara wa kijana wa dukani 300, uchukuzi 150, na umeme 50. Faida iliyosalia ni shilingi 100 tu. Lakini kila jioni mama huyo hutoa katika sanduku shilingi 400 za chakula cha nyumbani. Kwa hiyo kila siku duka hupungukiwa na 300, na kwa mwezi 9,000. Ikiwa alianza na mtaji wa shilingi 54,000, baada ya miezi 6 rafu zitakuwa tupu. Hakuibiwa, wala hakurogwa na jirani. Mtaji umeliwa kidogo kidogo, naye hana habari.

Mshauri mwema hamwambii afunge duka. Humwomba aandike kwa siku 30 kila kiingiacho na kila kitokacho, hata sukari anayoichukua mwenyewe, na majina ya wanaokopa. Kisha huketi naye kutazama ni kitu gani kinauzwa upesi na kipi kinakaa rafuni bure. Nani alipa deni na nani hukwepa. Na ni mshahara gani mwenye duka aweza kujilipa bila kuugusa mtaji.

UMBALI NA HOFU

Hata hivyo wengi wanaohitaji msaada huo hawaufikii. Chuo cha Kenyatta kiko kwenye Barabara ya Thika, na Strathmore kiko Madaraka. Mwenye duka wa Komarock akienda huko amepoteza mauzo ya siku nzima. Tena wako waogopao kwamba mtu aulizaye juu ya mauzo ametumwa na watoza kodi, na wengine hudhani chuo kikuu ni mahali pa wenye digrii peke yao. Hofu hiyo haiondolewi kwa matangazo. Huondolewa na mshauri ajaye mwenyewe, akaketi kwenye kigoda cha dukani, na kuitunza siri ya hesabu aliyoonyeshwa.

Mafunzo yameanza kusogea karibu. Eastlands College of Technology, chuo kilichotokana na jitihada za Strathmore Educational Trust, hufundisha vijana wa mitaa hiyo ya Mashariki ufundi pamoja na biashara. Inafaa washauri nao wafuate njia hiyo, wakaenda waliko wenye maduka. Kwa upande wake, mwenye duka asingoje kuitwa. Daftari na kalamu vinauzwa katika duka lake mwenyewe, na hesabu ya mauzo ya leo yaweza kuandikwa usiku huu kabla ya kufunga mlango.