MAJILIO LAINI SABA: RAHA AU FURAHA?



Wahenga walinena kwamba subira huvuta heri. Lakini hebu tuambiane ukweli, ni nani apendaye kungoja? Mama aliyepanga foleni ya maji na mitungi mitatu hafurahii kungoja. Kibarua aliyekaa langoni mwa kiwanda tangu alfajiri hafurahii kungoja. Hata sisi wanafunzi, kengele ya chakula ikichelewa dakika tano tu, utasikia manung'uniko darasa zima. Iweje basi Wakristo watenge karibu wiki nne nzima za kungoja, kisha waseme kwamba kipindi hicho ni cha furaha? Katika makala haya nitajaribu kulifafanua jambo hili, nikitazama mtaa wetu wa Laini Saba na majirani zetu wa Kawangware.

MAJILIO NI NINI?

Neno "majilio" limezaliwa na kitenzi "kuja". Katika Kilatini huitwa adventus, na maana ni ile ile. Ni kipindi cha kutayarisha Krismasi, na huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, yaani kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba. Kina Jumapili nne, lakini si lazima wiki zitimie nne. Mwaka 2023, kwa mfano, Jumapili ya nne iliangukia tarehe 24 Desemba, na jioni yake watu wakaanza kusherehekea Noeli. Ndiyo Majilio mafupi kuliko yote yanayowezekana.

Wakatoliki wa Laini Saba wana jambo la kupendeza hapa. Kanisa lao ni la Kristo Mfalme, na sikukuu ya Kristo Mfalme huwa Jumapili ile inayotangulia Majilio. Kwa hivyo wiki moja wanamshangilia Mfalme, na wiki inayofuata wanaanza kumngojea kama mtoto atakayelazwa horini.

Wengi hudhani Majilio ni Kwaresima ndogo, maanake padre huvaa zambarau katika vipindi vyote viwili. Sivyo. Wakati wa Kwaresima neno Aleluya hufungiwa kabisa. Katika Majilio linaendelea kuimbwa. Kinachoachwa Jumapili za Majilio ni utenzi wa Utukufu, ambao unawekwa akiba hadi usiku wa Noeli, kwa kuwa ni wimbo wa malaika waliowatokea wachungaji. Na Jumapili ya tatu zambarau hupumzishwa, padre akavaa rangi ya waridi. Jumapili hiyo huitwa Gaudete, yaani "Furahini". Jina limetoka katika waraka wa Paulo kwa Wafilipi. Sasa sikiliza ajabu: Paulo alipowahimiza watu wafurahi, yeye mwenyewe alikuwa kifungoni!

RAHA NA FURAHA

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotusaidia. Maneno "raha" na "furaha" yanafanana sikioni hata mtu akadhani ni ndugu. Lakini wapi! Yote mawili yametoka Kiarabu, ila kila moja lina mzizi wake. Raha ni mapumziko, ni starehe ya mwili. Furaha ni mchangamko wa moyo. Mtu anaweza kuwa na raha bila furaha, kama tajiri aliyelala kwenye godoro zuri lakini usingizi haumjii. Na mwingine anaweza kuwa na furaha bila raha, kama mama anayejifungua akijua kwamba uchungu ule unamleta mtoto.

Desemba ikifika Nairobi, kinachouzwa barabarani ni raha. Nauli za kwenda ushago zinapanda. Soko la Toi linajaa watu wanaotafuta nguo za watoto. Kila mtu anaambiwa kwamba asiyekula chapati na nyama siku hiyo hana Krismasi. Baba asiye na pesa anaona aibu kukaa nyumbani mwake. Wengine hukopa ili wasichekwe, halafu Januari inabisha hodi na karo, kodi ya nyumba na madeni. Si bure watu wameubatiza mwezi huo "Njaanuari".

Ikiwa furaha ya Krismasi ni hiyo tu, basi maskini wa Laini Saba hawana fungu lao. Hilo ndilo jambo zito katika mada hii. Lakini hadithi yenyewe ya Noeli haianzii kwenye raha. Inaanza kwa msichana wa kijijini mwenye mimba, safari ndefu, na mji usio na nafasi ya wageni. Mkazi wa nyumba ya mabati na udongo haelezwi hadithi hii mara mbili.

GURUDUMU LA MKOKOTENI

Makanisani utaona taji la majani lenye mishumaa minne, mmoja ukiwashwa kila Jumapili. Watu wengi hulidhania kuwa pambo la matajiri wa Ulaya. Je, wajua lilikotoka? Mwaka 1839, karibu na mji wa Hamburg, Ujerumani, mchungaji wa Kilutheri aliyeitwa Johann Hinrich Wichern alikuwa akiwalea watoto maskini katika nyumba iliyojulikana kama Rauhes Haus. Watoto hao walimsumbua kila siku wakiuliza, Krismasi itafika lini? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa: midogo myekundu 20 ya siku za kawaida na mikubwa myeupe 4 ya Jumapili. Kila siku waliwasha mmoja zaidi.

Naam, gurudumu la mkokoteni! Kama ile mikokoteni inayobeba maji na magunia katika vichochoro vyetu. Taji hili lilibuniwa kwa ajili ya watoto wa mtaa wa dhiki ili waweze kuhesabu siku. Funzo lake ni rahisi. Giza halikuondoka kwa mara moja, bali leo kulikuwa na mwanga kidogo kuliko jana. Furaha ya Majilio inakua namna hiyo hiyo.

TUFANYE NINI?

Katika Injili ya Luka, watu wanamwendea Yohane Mbatizaji na kumwuliza swali moja: tufanye nini? Hawaambii wanunue kitu. Mwenye nguo mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasidai zaidi ya haki yao, na askari wasimnyang'anye mtu kwa vitisho. Tukimleta Yohane Laini Saba leo, huenda angemwambia mwenye maji asipandishe bei ya mtungi mifereji inapokauka, na mwenye ploti asing'oe mlango wa mpangaji wiki ya Krismasi. Furaha ya mmoja hapo inategemea haki ya mwingine.

Wakristo wengi hulifanya jambo hili kupitia Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki katika AMECEA walizikazia miaka ya 1973 na 1976. Majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Neno, kisha huulizana ni nani mgonjwa na nani amefiwa. Nyumba ya futi kumi kwa kumi hujaa, wengine wakakaa mlangoni. Hapo hakuna raha, lakini furaha ipo.

Tarehe 27 Novemba 2015, siku mbili kabla ya Majilio kuanza, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alifika Kangemi, jirani ya Kawangware. Alisifu mshikamano wa watu wa mitaa kama yetu, akisema kwamba tunu hizo hazina bei katika soko la hisa. Hata hivyo hakusema umaskini ni mzuri. Alikemea vikali ukosefu wa maji, vyoo na ardhi. Mtu asije akatumia neno furaha kuwanyamazisha wenye njaa.

DESEMBA ILIYOTUPIMA

Wazee wetu hawajaisahau Desemba 2007. Krismasi ilikuwa Jumanne, uchaguzi ukawa Alhamisi tarehe 27. Kabla Januari haijaisha, nyumba zilikuwa zimechomwa, majirani wamekimbiana kwa sababu ya kabila, na reli inayopita Kibera imeng'olewa. Wengi waliopigana walikuwa wameimba nyimbo zile zile za Noeli siku chache tu zilizotangulia. Ama kweli, sherehe bila matayarisho ya moyo ni kama nyumba bila msingi. Kupamba kanisa ni kazi ya siku moja. Kumpenda jirani wa lugha nyingine kunahitaji mazoezi. Majilio ndiyo wakati wa mazoezi hayo.

HITIMISHO

Mwanachama mwenzangu, uwe Mkristo au Mwislamu kama rafiki zetu wa Makina, naamini umeona tofauti. Raha hununuliwa, na pesa ikiisha nayo imekwisha. Furaha ya Majilio ni ya mtu anayejua kwamba anayemngoja yuko njiani, kwa hivyo anaanza kufagia, kusamehe na kugawa alicho nacho, hata kama ni kikombe cha unga. Likizo ya Desemba ikifika, usiulize tu utavaa nini. Uliza, mlango wa pili wana nini cha kupika?

Baada ya dhiki, faraja. Nawatakieni Majilio mema.