Istilahi za Kuasili Mtoto: Maneno ya Ridhaa na Maneno ya Muda

Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, hati nyingi ambazo hapo awali zilikaa katika Kiingereza peke yake zimeanza kuwafikia wafasiri. Miongoni mwa hizo zimo hati za kuasili mtoto, na zenye matata zaidi ni zile ambazo mwombaji wake ni raia wa nchi nyingine. Makala hii inakusudia kueleza baadhi ya istilahi zake na kutoa rai juu ya zile zinazotatanisha. Jambo hili si la lugha tupu. Jalada la kuasili hubeba karatasi zenye umri wake: cheti cha polisi na taarifa ya daktari aghalabu hukubaliwa kwa muda maalumu tu. Jalada likirudishwa masjala kwa ajili ya neno moja lililofasiriwa vibaya, yamkini cheti kitakwisha muda wake kabla halijarudi mezani. Mwombaji ataanza upya, na mtoto ataendelea kukaa katika makao ya watoto.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi 'kuasili' kimekwisha kukubalika katika sheria na katika ofisi za ustawi wa jamii, wala hatukusudii kukipinga. Wafasiri wa Biblia walisema 'kufanywa wana', na nchini Kenya husikika 'mtoto wa kupanga', neno ambalo humfanya mtoto aonekane kama mtu aliyekodi chumba. 'Kuasili' ni bora, ila majirani zake ni wabaya. Sikio la haraka halitofautishi vizuri 'watoto wameasiliwa' na 'watoto wamewasili'. Baya zaidi ni kwamba hati nyingi huwaita waliomzaa mtoto 'wazazi wa asili', na waliompata kwa amri ya mahakama 'wazazi wa kuasili'. Silabi moja tu, 'ku', ndiyo inayotenga watu ambao sheria imewapa haki tofauti kabisa. Karani aliyechoka akiiacha silabi hiyo, hati nzima imegeuka.

Rai yetu ni kwamba 'wazazi wa asili' liondolewe katika hati hizi. Watu wanayo tayari maneno 'mama mzazi' na 'baba mzazi', nayo yanaeleweka Lamu na Kigoma pasipo maelezo. Kadhalika, mwombaji asiitwe mzazi kabla ya amri kutolewa. Kwanza ni mwombaji. Akikabidhiwa mtoto kwa uangalizi ni mlezi. Amri ikitoka ndipo awe mzazi wa kuasili.

Hapo katikati ndipo lilipo neno 'malezi ya kambo', ambalo kanuni za serikali hulitumia kwa malezi ya muda katika familia isiyo ya mtoto, chini ya usimamizi wa afisa ustawi wa jamii. Katika lugha ya kila siku kambo huletwa na ndoa: mama wa kambo ni mke wa baba asiyekuwa mama mzazi. Mwanamke aliyeolewa na mjane mwenye watoto, akiulizwa katika fomu kama amewahi kutoa malezi ya kambo, atajibu ndiyo kwa moyo safi, na ofisi itamdai taarifa ya afisa ambaye hakuwahi kufika kwake. Sisi tungalipendelea 'malezi ya muda'. Lakini mfasiri hana mamlaka ya kubadili neno la kanuni. Anachoweza ni kulifafanua linapotokea mara ya kwanza.

Kafala nayo isichanganywe na kuasili. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, Ibara ya 20, umeitaja kafala ya sheria ya Kiislamu kwa jina lake. Katika kafala mtoto hulelewa na kutunzwa, ilhali nasaba yake haibadiliki. Mfasiri aiache kama ilivyo.

Sasa tufike kwenye maneno matatu yanayohitaji uangalifu kuliko yote: ridhaa, idhini na kibali. Katika fomu nyingi hutumiwa kana kwamba ni neno moja. 'Ridhaa' ni ndugu ya 'radhi'. Hutoka moyoni mwa mtu, na anayeitoa ana uwezo wa kuikataa. 'Idhini' hutoka kwa mwenye mamlaka juu ya jambo. 'Kibali' ni ruhusa inayotolewa na ofisi, aghalabu kwa maandishi, na katika matumizi ya watu ni karatasi yenyewe. Kwa hiyo mama mzazi hutoa ridhaa. Kamishna wa Ustawi wa Jamii hutoa idhini. Ofisi ya uhamiaji hutoa kibali.

Tofauti hii ina uzito wa sheria. Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993 juu ya kuasili baina ya nchi na nchi, ambao Kenya, Rwanda na Burundi zimejiunga nao, umeeleza katika Ibara ya 4 masharti ya ridhaa: itolewe kwa hiari na kwa maandishi, isivutwe kwa malipo wala fidia yoyote, mtoaji awe ameelezwa matokeo yake, na ridhaa ya mama, pale inapotakiwa, itolewe baada tu ya mtoto kuzaliwa. Fomu iliyoandikwa 'kibali cha mama' haionyeshi lolote kati ya hayo. Tena humpotosha mama mwenyewe, maana mtu aliyezoea vibali vya ujenzi na vya biashara atadhani kwamba kibali hurejeshwa au huisha muda wake. Yeye anatia sahihi akitarajia kumwona mwanawe tena, kumbe amekubali kuvunja uhusiano wa kisheria. Mwalimu au afisa anayemsomea mama hati hiyo hana budi kutumia neno ridhaa, kisha kulieleza kwa maneno ya nyumbani.

Maneno ya muda nayo yana mitego yake. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inataka mwombaji asiyekuwa Mtanzania awe ameishi Tanzania kwa muda usiopungua miaka mitatu mfululizo, na awe amemlea mtoto kwa muda usiopungua miezi mitatu chini ya usimamizi wa afisa ustawi wa jamii. Mfasiri akiandika 'ndani ya miezi mitatu', ameigeuza sheria juu chini: kiwango cha chini kimekuwa kikomo. Mwombaji atakuja na maombi baada ya wiki sita akijiona amewahi, kumbe hajatimiza. Neno 'mfululizo' nalo lisidondoshwe. Anayejumlisha mwaka mmoja wa zamani na miwili ya sasa anayo miaka mitatu, lakini si mitatu mfululizo.

Tunashauri pawepo maneno matatu kwa mambo matatu. 'Kipindi cha lazima' ni kile kilichowekwa na sheria, ambacho hakuna afisa awezaye kukifupisha kwa wema wake. 'Muda wa kushughulikia' ni ule ambao jalada linakaa ofisini. 'Muda wa uhalali' ni uhai wa hati yenyewe. Mwombaji anayeambiwa tu 'subiri' hajui anasubiri kipi kati ya hivyo, wala hajui kama cheti chake kinaendelea kuzeeka. Jibu la barua lisemalo 'suala lako linashughulikiwa' ni kosa la namna hiyo hiyo, kwa kuwa kitenzi hicho hakina mtenda. Iandikwe jalada liko kwa nani na linangoja hati gani.

Ibara ya 35 ya Mkataba wa The Hague huzitaka mamlaka zitende pasipo kuchelewa. Wako wanaofasiri 'kwa haraka'. Neno haraka kwa Mswahili lina ila yake, na methali yake kila mtu anaijua. 'Bila kukawia' linatosha na halidokezi uzembe.

Panapo habari za nchi kufunga mlango, tutenge 'kusimamisha' na 'kupiga marufuku'. Mwezi Novemba 2014 Kenya ilisimamisha kuasili kwa raia wa kigeni. Mwaka 2018 Ethiopia ilipiga marufuku. Katika la kwanza mlango umefungwa kwa komeo, katika la pili umejengwa ukuta, na familia yenye jalada lililokwisha kufunguliwa inahitaji kujua ni lipi.

Kuhusu vielelezo, 'nakala halisi' ni neno la kuepukwa kabisa. Wengine humaanisha hati ya kwanza yenyewe, wengine humaanisha kivuli kilichogongwa muhuri na wakili. Tuseme 'hati halisi' kwa ile ya kwanza, na 'nakala iliyothibitishwa' kwa kivuli. Ithibati inayowekwa kwa mujibu wa Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961 tunaiita 'apostili'. Nayo huthibitisha sahihi, cheo na muhuri wa aliyetoa hati, si ukweli wa yaliyoandikwa ndani.

Limebaki jina la mtu anayeteuliwa na mahakama kusimamia maslahi ya mtoto katika shauri. Wengi humwita 'mlezi wa kesi', lakini 'mlezi' tumekwisha kumpa anayeishi na mtoto, nao si mtu mmoja. Kwa sasa tunatumia 'msimamizi wa maslahi ya mtoto', jina refu lisilopendeza katika fomu yenye nafasi finyu. Wasomaji wenye neno fupi zaidi, hasa makarani wa mahakama wanaolihitaji kila wiki, waliandikie Baraza.