Tambuu na Wenziwe

Majuzi nyumbani kwetu tulikuwa na harusi ya binti wa dadangu. Wakati wa kupanga masinia, mama wakubwa walitaka tambuu. Biarusi akasema, "Si ndiyo iliyomuua bibi?" Watu wakanyamaza. Nami, niliyemzika mamangu huyo kwa ugonjwa wa kinywa, nikaambiwa niamue.

Mtambuu ni mmea utambaao, ndugu wa mpilipili manga. Asili yake ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Hupenda kivuli na unyevu, hupanda juu ya mti kwa vijizizi vitokavyo kwenye vifundo, na huoteshwa kwa vipande vya shina.

Heshima yake kwetu si ya jana. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aeleza kuwa Sultani alimpelekea sahani ya tambuu na popoo. Akapewa majani kumi, na kadhi vivyo hivyo. Huko Dhofar, pande za Omani, aliuona mtambuu ukikwea minazi, naye asema haupandwi kwa tunda bali kwa majani yake.

Walakini jani halitafunwi peke yake. Hupakwa chokaa, likatiwa popoo, katu na iliki, na wengine huongeza tumbaku. Hapo ndipo penye balaa. Mwaka 1985 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilithibitisha kuwa tambuu ya tumbaku huleta saratani. Mwaka 2004 ikaongeza kuwa hata isiyo na tumbaku huileta, kwani popoo yenyewe ina madhara hayo.

Mamangu alitafuna tangu ujana. Kidonda kilipomtoka shavuni alisema, "Ni chokaa tu, mwanangu." Nami nikaridhika. Tulipofika kwa daktari, wakati ulikuwa umetupita.

Basi niliamua hivi: majani yakae siniani pamoja na asumini na iliki, popoo na tumbaku visiingie. Mama wakubwa walinung'unika, kisha mmoja akachukua jani, akalinusa, akafungia iliki.

Enyi wazee wangu, mgeni aheshimiwe, lakini tusimkirimu kwa kitu cha kumdhuru. Na mwenye kidonda kinywani kisichopona kwa wiki mbili tatu, asikisingizie chokaa, aende hospitali. Mola amrehemu mamangu.