Je, Wajua? Nyota Mbele, Mlima Nyuma

Bango la filamu ya The Snows of Kilimanjaro (1952) lilifuata kanuni kongwe ya Hollywood: sura za nyota kwanza. Gregory Peck, Susan Hayward na Ava Gardner ndio waliotawala karatasi. Mlima wanaouamkia watu wa Old Moshi kila siku, mawingu yakiruhusu, ukabaki pambo tu.

Miaka 10 baadaye ikaja Hatari!, iliyopigwa Tanganyika, sehemu yake huko Momella, karibu na Arusha. Safari hii hata John Wayne, ambaye jina lake pekee liliuza tiketi, aligawana bango na kifaru anayelivamia gari. Jina la filamu nalo likaachwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa na alama ya mshangao.

Kati ya mabango hayo mawili, la kifaru ndilo lililothubutu.